Kwangu Inafanya Kazi

Kwangu inafanya kazi.
Hivyo ndivyo nilivyomjibu Álfgeir saa kumi na moja alfajiri,
simu begani, soksi moja mkononi,
naye kule ofisi ya bandari ya Ísafjörður
akinisomea kosa polepole, kama anayesoma karatasi ya dawa:
faili ya mipangilio haipo.
Ipo, nikasema. Naiona.
Nyani haoni kundule.

Hati yenyewe ni fupi, mistari mia mbili na kitu,
niliiandika kipupwe changu cha kwanza kazini:
inasoma kina cha theluji kutoka nguzo kumi na nne mlimani,
inachora ramani.
Nyekundu maana yake amsha watu.

Kwenye Linux yangu mkwaju wa njia huegemea mbele.
Kwa Álfgeir, kwenye Windows, umelalia nyuma,
miti miwili iliyopigwa na pepo mbili.
Kwangu mstari ukiisha, umeisha.
Kwake huacha alama moja zaidi, isiyoonekana,
mgeni aliyekwisha kuaga
na bado kasimama mlangoni.
Nikanyoosha mikwaju. Nikawatoa waagaji.
Ikaomba maktaba.

Na maktaba, jamani, haiji peke yake.
Unaalika mmoja, anakuja na shemeji,
shemeji hali bila binamu wa toleo la tatu nukta mbili,
binamu kanuniana na yule wa tatu nukta nne
aliyekaa sebuleni tangu mwaka juzi
akishikilia paa la programu nyingine,
ile inayohesabu makontena.
Nikaujengea kila ukoo chumba na ufunguo wake,
wasionane.
Ilikuwa saa nne asubuhi, giza bado;
jua la Januari halivuki mlima ule.

"Inakimbia!"
Ramani ikaja kijani kitupu, sawa na yangu.
Tukapongezana.

Bogumiła ndiye aliyenyamaza.
Anaendesha katapila la kusafisha theluji,
kahamia kutoka Suwałki mwaka wa kumi na tisa huu,
na redio ya nguzo moja ilipokufa mwezi wa Desemba
yeye ndiye aliyekuwa akipanda kuisoma kwa macho,
kisha akiandika faili jikoni, kwenye Mac ya binti yake.
Akahesabu vitone kwa kidole.
Kumi na tatu.
"Grógil iko juu ya paa langu," akasema,
"na ramani yenu haina habari nayo."

Ó.
Kwangu ni herufi moja, imezaliwa na kofia yake.
Faili ya jikoni ilikuja na mbili: o kichwa wazi,
halafu alama inayopandishwa juu yake.
Kwa jicho ni pacha.
Kwa hati yangu ni watu wawili wasiojuana.
Ikatafuta, ikakosa,
na kwa kuwa mimi, kwa uvivu wangu, niliandika
*ukikosa, pita*,
ikapita kimya.
Kwa Álfgeir ilipita.
Kwangu pia.
Siku arobaini na moja za kijani.

Hakuna kilichoporomoka. Nasema mapema usije ukangoja.
Ilikuwa bahati, na bahati haisakinishwi.

Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho.
Nilifumba. Lakini hawa watatu
kila mmoja ana chongo upande wake,
na nikifumba yote mawili
nani atautazama mlima?

Marekebisho yalikuwa mistari mitano.
Kabla ya kulinganisha majina, yavike yote sare moja.
Kabla ya kufungua njia, iulize mashine
mkwaju wake unaegemea wapi; kuuliza si ujinga.
Na ukikosa, piga kelele, hata kama ni usiku,
hata kama aliyelala ni mimi.

Jioni Bogumiła akaiendesha mwenyewe,
mezani, kati ya viazi na daftari la hesabu.
Kumi na nne.
Cha mwisho kilikuwa rangi ya chungwa.
Si nyekundu.
Akafunga kompyuta, hakusema asante,
akasukuma kitanda cha binti yake
hadi chumba cha upande wa barabara.